Valvu ya Kwanza ya Mzee Eliakimu

Tangu nistaafu, simu yangu haijapumzika. Ninyi mliobaki kwenye meza za kazi, hapa Stockholm na huko nyumbani, mnanitumia picha za valvu zilizokwama kana kwamba mimi ni daktari wa zamu. Asubuhi picha ya pistoni yenye kutu ya kijani, mchana sauti ya tarumbeta linalokoroma, jioni swali: "Mama Aika, hii ni nini?" Nimechoka kujibu kwa kidole gumba kwenye kioo cha simu, kwa hiyo nimeamua kuyaandika majibu mahali pamoja. Habari za vyeo na mshahara sitaziandika. Anayezitaka akaulize ofisi ya pensheni, na wakimjibu upesi anijulishe, maana mimi bado nasubiri.

Jina langu kamili ni Aikande, mzaliwa wa Machame. Nilikuja Sweden nikiwa msichana, kwa mwaliko wa kanisa, kusomea ufundi wa vyuma. Nia ilikuwa nirudi nyumbani nikachomelee mageti. Badala yake nikaolewa, nikazaa, nikahamia Spånga, pembezoni mwa Stockholm, na siku moja nikaona tangazo kwenye dirisha la karakana ya ala za muziki katikati ya mji: anatafutwa mtu mwenye mikono mitulivu. Hawakuuliza kama anajua muziki. Mikono mitulivu ninayo. Ulimi mtulivu ndio sina, kama mnavyonijua.

Karakana ilikuwa chini ya barabara, na dirishani mlionekana viatu vya wapita njia tu. Fundi mkuu alikuwa Lennart, mzee mrefu mwenye koti la bluu lililochakaa viwiko. Siku ya kwanza alinipa tarumbeta, beseni la maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi ndefu. Akasema, "Osha," akarudi kwenye kahawa yake. Nikaosha. Kesho yake akanipa jingine. Nilidhani ananichukia, mpaka nilipomsikia akizungumza na mkewe kwa simu, nikajua kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikipata maneno mengi.

Niliosha mate ya watu majira yote ya baridi. Nawaambia hivi ili yeyote kati yenu asione aibu kuanza na beseni. Mate yaliyokauka ndani ya shaba hayana kabila wala cheo: ya mwanajeshi wa gwaride, ya mwalimu wa muziki, ya kijana wa shule, yote ni tope lile lile la kijani. Na nusu ya valvu "mbovu" nilizoletewa katika maisha yangu zilikuwa chafu tu. Ukifungua tarumbeta kabla ya kuliosha, unatibu mgonjwa ukiwa hujamvua koti.

Siku Lennart aliponiruhusu kushika pistoni, ile silinda inayopanda na kushuka ndani ya valvu chini ya kidole, aliiinua mbele ya taa akanionyesha namba iliyochongwa juu yake. Moja, mbili, tatu. Kila pistoni ina nyumba yake, na imesuguliwa ikakaa humo peke yake. Jirani hamkaribishi jirani. "Usizichanganye kamwe," akasema, na kwa Lennart hiyo ilikuwa hotuba. Mnaweza kudhani hili ni jambo la mtoto mdogo. Basi sikilizeni.

Kaka mmoja Mkongo, mkazi wa Tumba kusini mwa mji, alikuja karakana amelikumbatia tarumbeta lake kama anayepeleka mtoto kliniki.

"Mama, instrument imekufa. Hata pumzi haipite."

"Uliliosha?"

"Bon, niliosha. Vizuri kabisa, mama, na sabuni."

"Ukazirudisha pistoni?"

"Zote tatu!"

Zote tatu alizirudisha kweli, ila ya kwanza alikuwa ameiweka nyumbani kwa ya tatu, na ya tatu kwa ya kwanza. Nikazibadilisha mbele yake, nikampa, akapuliza. Aliruka hadi kofia ikamdondoka. Alinihubiri mji mzima kuwa mimi hufufua wafu, na kwa muda mrefu Wakongo wote wenye tarumbeta walikuwa wakija kwangu, wengine hata wenye gitaa. Sikusahihisha habari hizo. Fundi naye anahitaji jina.

Sasa kuhusu vipuri, maana ndivyo mnavyoniuliza zaidi. Mtu akisema valvu inakwama, usikimbilie pistoni. Anza na vitu vidogo: springi, kile kijino kinachozuia pistoni isizunguke, na felti. Felti ni vile vipande vya mviringo vya sufi iliyoshindiliwa, chini ya kitufe cha kidole na chini ya kifuniko. Watu huvidharau kwa sababu vinafanana na taka za mshona suti. Lakini pistoni ina matundu, na tundu lisipokutana na mrija sawasawa, hewa inagonga ukuta. Kinachoamua pistoni isimame juu kiasi gani na ishuke mpaka wapi ni hizo felti. Zikichakaa, pistoni inapita kituo chake, na mpigaji anakuja analalamika kuwa mapafu yake yamezeeka. Ingiza kioo kidogo cha daktari wa meno kwenye mrija, mulika taa, na tundu utaliona kama mwezi mchanga mahali pa mwezi mpevu. Badilisha felti zote tatu, si moja, na springi zote tatu. Ukibadilisha moja, vidole vyake vitapanda ngazi zenye kimo tofauti.

Ninyi wa nyumbani mnakata ndala mkaweka mahali pa felti. Msibishe, nimezikuta. Ndala ikilowa mafuta inanenepa, na valvu iliyokuwa sawa Jumapili inakuwa kichaa Jumatano. Nimekuta pia kizibo cha chupa, kipande cha kofia ya kufuma, na mara moja, kwenye tarumbeta la mchungaji, kipande cha zulia jekundu. Zulia lilifanya kazi vizuri sana, nakiri. Nililitoa hivyo hivyo.

Ukimaliza, chomoa mrija wa valvu ile huku hujaibonyeza, urudishe hadi ndani, kisha uuvute upesi. Kama pistoni imekaa vyema, itatoa mlio: po! Kama hewa inavuja, utasikia kipumuo tu, kama mtu anayeketi kochini baada ya shamba. Lennart alikuwa haonyeshi meno yake mpaka asikie ile po. Nilifanya naye kazi mpaka alipostaafu, na tabasamu zake zote nilizipata kwa njia hiyo. Siku ya kuondoka alinipa kioo chake na nyundo yake ya mti, akasema, "Sasa wewe." Nililia mpaka kwenye treni, na Mswidi aliyeketi mbele yangu akahama kiti.

Baada ya Lennart akaja Espérance. Wengi wenu mnamjua, ndiye aliyerithi meza yangu. Ni Mrundi, alikuja hapa mdogo, amekulia Tumba, na anaongea Kiswahili cha Bujumbura kilicholala kitanda kimoja na Kiswidi. Ana masikio makali kuliko yangu na adabu pungufu kidogo. Tulielewana tangu siku ya kwanza, kwa kugombana.

Kazi ninayotaka kuwaeleza hasa niliifanya naye, karibu na mwisho wa miaka yangu. Ili muielewe, lazima kwanza niwaeleze kuhusu kimya.

Katika kanisa nililokulia, kulikuwa na bendi ya matarumbeta, na kulikuwa na wimbo mmoja wa Pasaka. Mwisho wa mstari wa tatu, sauti inashuka hadi so ya chini. Hapo, kwa noti ile moja, matarumbeta yote yalinyamaza. Kusanyiko liliimba noti ile peke yake, kwa nguvu, halafu matarumbeta yakarudi. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza bibi kwa nini. Akaniambia hapo ndipo malaika anapoviringisha jiwe la kaburi, na mtu hawezi kusukuma jiwe huku anapuliza tarumbeta. Niliona ni jibu lenye akili. Hata sasa naona hivyo.

Mkuu wa bendi ile alikuwa Mwalimu Eliakimu. Miaka mingi baadaye binti yake, anayekaa Tensta, jirani na Spånga, alimleta aje kuishi naye, na mzee akaja na tarumbeta lake na kimya chake. Sisi hapa tunasali kwa Kiswahili katika ukumbi wa kuazima Spånga, Warundi, Wanyarwanda, Wakongo na sisi Watanzania, Waswidi wakishamaliza kahawa yao. Mzee aliunda bendi. Pasaka ya kwanza akanyamaza kwenye so ya chini, wote wakanyamaza naye, na sisi tuliokulia kule tukaijaza kwa sauti. Pasaka ya pili kila mtu alikuwa anajua. Baadaye Warundi wakaongeza kuinua mkono wa kulia. Mchungaji akaihubiria, kichwa cha mahubiri kikiwa "Pale Vyombo Vinaposhindwa". Watoto waliozaliwa hapa, ambao ukiwaita kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiswidi, noti ile waliiimba kuliko wote.

Basi mwaka mmoja, majira ya baridi, theluji ikiwa bado haijaamua kuondoka, Mzee Eliakimu alishuka ngazi za karakana taratibu, tarumbeta likiwa limefungwa kwenye taulo.

"Shikamoo, baba," nikamwambia, nikamvutia kiti.

"Marahaba, mwanangu. Nimemleta mgonjwa." Akampungia Espérance. "Na wewe binti hujambo?"

"Sijambo, mzee. Karibu sana. Utakunywa kahawa?"

"Nitakunywa chochote kisicho kigumu." Akagusa midomo yake. "Meno yangu ya mbele yanang'olewa. Yote. Daktari alitaka wiki hii. Nimembembeleza mpaka Pasaka ipite."

Hapo sikuhitaji maelezo. Apulizaye shaba anaegemeza mdomo wake kwenye meno. Ukiyaondoa, mdomo hauna ukuta. Kijana atawekewa ya bandia na kuanza upya polepole, lakini Mzee Eliakimu alikuwa amevuka themanini.

"Kwa hiyo hii ndiyo Pasaka yangu ya mwisho kupuliza," akasema. "Nataka nipige ule wimbo mzima."

"Lakini baba, si kila mwaka unaupiga mzima?"

Akalisogeza tarumbeta mbele yangu. "Fungua valvu ya kwanza."

Kifuniko hakikufunguka. Nikatia mafuta, nikaweka koleo lenye ngozi, wapi. Nikavaa miwani, ndipo nikaona mstari mwembamba wa risasi kuzunguka kifuniko chote. Kilikuwa kimelehemiwa. Kitufe cha kidole kilikuwa mahali pake, kinang'aa, lakini kilikuwa pambo. Hakikushuka.

Mzee akatueleza. Akiwa kijana, tarumbeta lilianguka kutoka kwenye lori walipokuwa wakienda harusini. Nyumba ya valvu ya kwanza ikabonyea, pistoni ikanaswa. Alimpelekea mfua majembe, fundi hodari wa majembe, akalinyoosha kwa nyundo mpaka pistoni ikapasuka. Wakailehemu ikiwa imesimama juu, hewa ipite moja kwa moja. Na ili kidole cha pete kifanye kazi ya kidole cha shahada, wakakata mrija wa valvu ya tatu ukawa mfupi.

Espérance alikuwa ameshika kikombe hewani. "Alltså... kwa hiyo ile so ya chini haikuwapo. Inataka ya kwanza na ya tatu pamoja."

"Haikuwapo. Haijawahi kuwapo. Nimeizunguka maisha yangu yote kama nyumba yenye mbwa mkali."

"Lakini baba," nikasema, "na malaika?"

"Malaika gani?"

"Anayesukuma jiwe."

"Hayo ni ya bibi yako, Mungu amrehemu. Mimi sikumwambia mtu yeyote kuwa kile kimya ni kitakatifu." Akanywa kahawa. "Sikuwaambia pia kuwa si kitakatifu."

Nilicheka nikashikilia jiliwa la mezani nisianguke. Espérance alikaa chini sakafuni. Mzee naye akacheka, mkono mdomoni akilinda meno yake.

"Lakini wale wengine kwenye bendi matarumbeta yao yalikuwa mazima," nikamwambia. "Kwa nini walinyamaza?"

"Mimi nilikuwa mwalimu wao. Mwalimu akinyamaza, mwanafunzi apulize nini?"

"Na hukutaka kuchukua jingine?"

"Nilipewa, tena mara nyingi. Vidole vilikataa." Akaacha kucheka. "Mwanangu, nimefundisha watu noti ile kwa mdomo, kwa chaki, kwa fimbo. Kuipuliza mwenyewe katika wimbo ule, hata mara moja sijawahi. Nisingependa meno yaende kabla."

Nikamwambia nitajaribu. Sikumwahidi, maana kiwanda kilichotengeneza tarumbeta lile kilifungwa zamani, na pistoni haziuzwi sokoni kama nyanya. Lakini tunalo kabati ambalo tunaliita makaburini, linalohifadhi mabaki ya ala zilizokufa. Espérance ndiye aliyekumbuka kuwa humo kulikuwa na ndugu yake, tarumbeta la kiwanda hicho hicho lililokanyagwa na gari Tumba, bapa kama chapati upande wa mdomo mpana lakini valvu zake nzima.

Hapa nawaandikia ninyi mafundi, wengine mvumilie kidogo. Tuliyeyusha risasi, tukaitoa ile pistoni iliyopasuka vipande vipande. Tukairudisha nyumba yake kwenye mviringo kwa kuingiza chuma cha kipimo na kugonga kwa nyundo ya mti kutoka nje, kidogo kidogo, kisha tukailainisha ndani. Kwa kulainishwa ikapanuka, hivyo pistoni ya marehemu ikawa inacheza ndani yake kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba. Tukaipeleka kuchovywa nikeli, ikarudi imenenepa mno, haingii. Ndivyo inavyotakiwa. Kuanzia hapo ni unga wa kusugulia, ule laini kabisa, mafuta, na subira: ingiza, toa, zungusha kidogo, ingiza, toa, osha yote, kausha, jaribu. Ukisugua haraka inapata joto na kukudanganya. Ukisugua kwa hasira inalegea upande mmoja, na hakuna dawa. Mimi nikichoka Espérance alishika, naye akichoka nilishika mimi. Siku ilipoteremka kwa uzito wake yenyewe, bila kusita, tulikuwa tumeacha hata kusemeshana. Tukaweka springi mpya tatu, felti mpya tatu, tukatazama kwa kioo cha Lennart: mwezi mpevu. Nikavuta mrija.

Po!

Nilimkumbatia Espérance na unga wote mikononi.

Kisha nikafanya jambo ambalo fundi yeyote aliyefunzwa vizuri angelifanya. Nikachukua mrija wa valvu ya tatu wa marehemu, mrefu, wa kiwandani, nikauweka mahali pa ule uliokatwa. Tarumbeta likawa kama lilivyozaliwa. Nilijivuna. Tukampigia mzee simu akaja siku ile ile.

Akapuliza, na kilichotoka ni mbuzi. Akajaribu tena, mbuzi yule yule. Vidole vyake vilikuwa vinaenda kule vilikozoea, na kule kulikuwa kumehamishwa. Noti ya kidole cha pete sasa ilikuwa ya kidole cha shahada, kidole ambacho kilikuwa kimepumzika tangu ujana wake. Akasema si neno, atafanya mazoezi. Binti yake alinisimulia baadaye kwamba alikuwa akibonyeza ukingo wa meza wakati wa chakula, akibonyeza kiti cha mbele kwenye basi la kutoka Tensta, hata abiria akageuka kumuuliza kama anahitaji msaada. Mjukuu wake alikuwa akimtania, "Morfar, si hicho, ni kile kingine!" Lakini wiki zilikuwa zinakwisha. Aliporudi karakana, mbuzi alikuwa bado hai, na mzee alikuwa amenyong'onyea.

"Labda niwaachie tu malaika wao," akasema, akafunga taulo.

Alipoondoka Espérance akaanza. "Mama Aika, sikiliza kwanza, usikasirike."

"Nimeshakasirika."

"Tumrudishie ule mrija wake mfupi."

"Katika karakana hii hatutoi tarumbeta lenye mrija uliokatwa na mfua majembe."

"Ngoja. Valvu ya pili inashusha nusu hatua, si ni kweli? Ya kwanza, hatua moja. Ya tatu kwa kawaida moja na nusu, lakini ya mzee ni moja. Sasa uzibonyeze zote tatu. Ni ngapi?"

Nilihesabu nikiwa sitaki kuhesabu. Hatua mbili na nusu. Kutoka do hadi so ya chini, ni hatua mbili na nusu.

"Precis," akasema. "Vidole vyake vyote vinabaki pale pale. Akifika kwenye so, anaangusha vyote vitatu, basi. Hata mtoto anaweza. Itakuwa juu kidogo, lakini tukimwekea pete kwenye ule mrija, atausukuma nje kwa kidole cha mkono wa kushoto, inakuwa sawa."

"Na Lennart angesemaje?"

"Mama, nani atapiga Pasaka? Lennart ama mzee?"

Nilikunywa kahawa yote iliyokuwamo karakana. Miaka yangu yote nilikuwa nimerudisha vitu viwe kama vilivyotoka kiwandani, na nilikuwa nimeona kuwa hiyo ndiyo heshima ya kazi. Kisha nikachukua mrija mfupi kutoka kwenye sanduku la taka, nikauosha, nikautia grisi, nikautengenezea pete ya kidole. Espérance alinishikia taa bila kucheka, jambo ambalo kwake ni adabu kubwa.

Mzee alipokuja, tulimwonyesha mara moja. Akaketi wima, akaanza mstari wa tatu. Vidole vikatembea kama watu wanaojua njia ya kwao, sauti ikashuka, ikashuka, na pale mwisho akaangusha vidole vitatu.

Ikatoka. So ya chini, nene, tulivu, ikajaza karakana hadi kwenye viatu vya wapita njia. Mzee alisimamisha tarumbeta mbele ya uso wake akalitazama. "Kumbe ndivyo ilivyo," akasema. Akaipuliza tena. Aliipuliza hadi jirani wa juu akagonga sakafu, na sisi tukagonga dari kumjibu.

Espérance alitaka jambo hili litangazwe kanisani. Mzee akakataa. "Bendi iendelee kunyamaza kama kawaida, na watu wainue mikono yao. Mimi nitapiga tu. Nani ataniuliza?"

Siku ya Pasaka ukumbi wa Spånga ulijaa hadi mlangoni. Kulikuwa na jua, mama wa Kirundi walikuwa na mavazi yao yanayong'aa, na harufu ya pilau ilikuwa imeingia kabla ya mchungaji. Espérance na mimi tulikaa benchi la mbele, hatua chache kutoka kwa mzee. Nilikuwa nagusa meno yangu ya mbele kwa ulimi kana kwamba ndiyo yatakayong'olewa.

Ubeti wa kwanza. Mstari wa tatu ukashuka, bendi ikanyamaza, mikono ikainuka, na kusanyiko likaipasua so ya chini kwa nguvu zao zote. Niliona vidole vitatu vikishuka. Niliona mashavu ya mzee yamejaa. Sikusikia kitu. Nilikuwa sijafikiria jambo hilo hata mara moja: mahali pale palikuwa na wenyewe, watu mia na zaidi waliofundishwa kuimba hapo kuliko popote, na aliyewafundisha ni yeye.

Espérance alinishika mkono. Mzee hakugeuka.

Ubeti wa pili. Vidole vikashuka tena, na kusanyiko likaimba tena. Lakini watoto waliokaa sakafuni mbele yake walisikia. Mmoja akafunga mdomo katikati ya noti, akamtazama mzee, akamvuta mwenzake shati. Nikaona vichwa vinageuka benchi letu, kisha benchi la nyuma yetu. Mama mmoja akashusha mkono wake nusu. Mpiga tromboni wa bendi akamtazama mwalimu wake kama mtu aliyemwona baba yake akicheza mpira.

Ubeti wa tatu ulianza kwa sauti ndogo, maana watu walikuwa wanasikiliza. Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu ukaanza kushuka, bendi ikanyamaza, na kusanyiko zima, bila mtu yeyote kuliongoza, likanyamaza pia. Waliinua mikono wakafunga midomo. Hata watoto. Na katika ukumbi ule, ambamo noti ile haikuwahi kukosa waimbaji, mzee aliangusha vidole vitatu akaipuliza peke yake.

Aliishikilia muda mrefu kuliko wimbo unavyotaka. Machozi yalikuwa yananitiririka, nami nilikuwa nacheka, nilifurahi kama sijawahi kufurahi katika kazi hii. Kwa furaha yake mzee alikuwa amesahau kabisa kusukuma ile pete.

Espérance akaniinamia sikioni. "Iko juu kidogo," akanong'ona.

"Najua," nikamwambia. "Iache."